Mwanahisabati wa Mbeya azungumze na nani?

Katika vikao vya bajeti, mhadhiri anayeomba nauli ya kwenda kwenye mkutano wa hisabati hujibiwa kwa sentensi ambayo kila mwalimu wa chuo cha mkoani ameshaisikia: siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Anayeitamka hana nia mbaya. Ana magari ya kutiwa mafuta, ana mapaa yanayovuja, na hisabati, tofauti na kemia au kilimo, huonekana kuwa taaluma isiyodai zaidi ya kalamu, karatasi na mtu mwenye subira. Nimefundisha somo hilo jijini Mbeya kwa miaka ya kutosha kuichukulia kauli hiyo kwa uzito badala ya kuikejeli, kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ya kweli ni kubwa kuliko tunavyokubali tukiwa na hasira ya kunyimwa nauli.

Tuanze na nusu hiyo. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg, akiwa katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, alianzisha hifadhi ya makala inayojulikana leo kama arXiv, ambamo mtafiti huweka kazi yake kabla jarida lolote halijaipitia, na msomaji yeyote huisoma bila kulipa senti. Kwa aliyekuwa Princeton au Paris, hifadhi hiyo ilimpunguzia siku za kusubiri. Kwa aliyekuwa Nyanda za Juu Kusini, ambako rafu ya majarida mara nyingi hukomea mwaka ule ule ambao msaada wa mfadhili ulikoma, ilikuja kuwa maktaba ambayo bajeti ya chuo isingeweza kuinunua hata kwa miaka mia. Haikutufikia mara moja. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliingia Dar es Salaam Julai 2009, na kabla ya hapo intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya mwendo wa kobe, kiasi kwamba kupakua makala ya kurasa arobaini ilikuwa shughuli ya kupangiwa siku yake.

Mwaka huohuo wa 2009 una jambo jingine. Mwezi Januari Timothy Gowers wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye alikuwa ameshatunukiwa mwaka 1998 Medali ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati, aliuliza hadharani kama inawezekana tatizo zito la hisabati likatatuliwa na umati, kila mmoja akitoa wazo dogo alilonalo bila kusubiri liive. Alichagua tatizo lenyewe, yaani kutafuta uthibitisho mpya wa theoremu ya Hales na Jewett katika sura yake ya msongamano, na baada ya wiki chache kiini cha kazi kilikuwa kimepatikana; makala ilichapishwa kwa jina la kubuni, D.H.J. Polymath. Miezi michache baadaye wanafunzi wa uzamivu wa Berkeley walizindua MathOverflow, uwanja wa maswali na majibu ya ngazi ya utafiti. Sidai kwamba waliotandaza mkongo na walioanzisha majukwaa hayo walijuana. Kwetu, hata hivyo, ilikuwa bahati ya aina yake: nyumba ilijengwa na barabara ya kuiendea ikafunguliwa katika mwaka mmoja.

Yaliyofanyika ndani ya nyumba hiyo si madogo. Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New Hampshire ambaye wengi wa fani yake hawakuwa wakimjua, alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70. Pengo la milioni 70 ni pana, lakini kabla yake hakuna aliyekuwa ameweza kuonyesha mpaka wowote. Kundi la mtandaoni lililoongozwa na Terence Tao likalishusha pengo hilo hadi 4,680 ndani ya miezi michache. James Maynard, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza uzamivu, akalifikisha 600 kwa njia yake mwenyewe. Na walipoungana, likafika 246 mwaka 2014, na hapo ndipo lilipo hadi leo.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni wa watu wasio na majina makubwa. Tibor Radó aliuliza mwaka 1962 swali kuhusu mashine rahisi za kufikirika zilizobuniwa na Alan Turing: ukiipa mashine hali chache tu, yaani orodha fupi ya maagizo, ukaianzisha kwenye utepe mtupu, inaweza kwenda hatua ngapi kabla ya kusimama yenyewe? Kwa mashine za hali tano, Heiner Marxen na Jürgen Buntrock waligundua mwaka 1989 moja inayokwenda hatua 47,176,870, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba haipo inayosimama ikiwa imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 likaundwa kundi la mtandaoni kwa ajili ya kazi hiyo tu, na wengi wa waliojiunga hawakuwa na cheo chochote cha chuo kikuu. Julai 2024 walitangaza kwamba kazi imekwisha na namba ni ileile. Uthibitisho wa mwisho, ulioandikwa kwa lugha ambayo kompyuta huikagua mstari kwa mstari, ulikamilishwa na mtu anayejiita mxdys, na hilo ndilo jina pekee ambalo hadhira inamjua nalo. Hakuna anayeweza kunithibitishia kwamba hakai Uyole, hapa hapa Mbeya.

Sisemi hivyo kwa mzaha mtupu. Ukaguzi wa kompyuta umebadilisha jambo ambalo sisi wa vyuo vya pembezoni tunalijua vizuri: msomaji wa jarida huanza kwa kuangalia anwani ya mwandishi. Mwaka 2024 Tao alipoanzisha mradi wa kupambanua uhusiano kati ya sheria 4,694 za aljebra, yaani maswali 22,028,942 ya iwapo sheria moja inalazimisha nyingine, yeyote aliweza kuchukua fungu lake, kwa kuwa mashine ilikagua kila hatua na haikuhitaji kujua mchangiaji amesomea wapi. Kwa mhadhiri msaidizi ambaye barua pepe yake inaishia na jina la chuo ambacho mhariri wa Ulaya hajawahi kulisikia, huo ni usawa ambao mikutano ya ana kwa ana haijawahi kumpa. Mkutano mkuu wa wanahisabati duniani, ulioanza Zürich mwaka 1897, haujawahi kufanyika katika bara hili.

Basi nusu isiyo ya kweli iko wapi? Tazama tena mifano yote niliyoitoa. Gowers alilichagua tatizo peke yake kabla ya kuwaita watu. Swali la Radó lilikuwa limeshaandikwa kwa ukamilifu miaka 60 kabla ya kundi kuundwa. Sheria 4,694 ziliorodheshwa kwanza, ndipo umati ukaitwa. Kila mara swali lilifika mtandaoni likiwa limeiva, limemenywa, limewekwa kwenye sahani, na umati ukaongeza mikono. Anayeishi mbali na watafiti wenzake haishiwi mikono, anaishiwa pua. Anakosa ule uwezo wa kunusa swali lipi lina nyama na lipi ni mfupa uliokwisha kutafunwa mwaka 1978, na uwezo huo hauandikwi katika makala yoyote, kwa kuwa hakuna jarida linalochapisha mambo yaliyoachwa kwa sababu hayakuwa na maana.

William Thurston, mmoja wa wanajiometria wakubwa wa karne iliyopita, alilieleza jambo hili mwaka 1994 kwa namna ambayo sijaona ikipitwa. Kwa maelezo yake, wanahisabati wawili wanapokaa pamoja hutumia njia nyingi kwa mpigo: mikono, michoro, sauti, kurudi nyuma, kuona uso wa mwenzako ukikunjamana, mbele ya hadhira njia hizo hupungua, na kwenye karatasi hubaki alama na mantiki pekee, ambazo msomaji hulazimika kuzigeuza tena ziwe mawazo kabla hajaelewa. Ndiyo maana jambo la dakika kumi kwenye ubao huchukua wiki mbili likisomwa. Hata Grigori Perelman, ambaye hutajwa kama kielelezo cha mtafiti asiyehitaji watu, alipoanza kuweka kwenye arXiv mnamo Novemba 2002 makala zake juu ya dhana ya Poincaré, fumbo lililokuwa limewashinda wanahisabati kwa karibu miaka mia, alisafiri Aprili 2003 kwenda Marekani kuhutubia na kujibu maswali; na pamoja na hayo wataalamu walihitaji takribani miaka mitatu kujiridhisha. Zhang naye husimuliwa kama mpweke. Inasemwa wazo lake la ufunguo lilimjia Julai 2012 kwenye ua wa rafiki yake huko Colorado, na ningependa sana kuutumia mfano huo kutetea mikutano, ila mwenyeji wake alikuwa profesa wa muziki.

Hapa ndipo historia ya Iringa inapokuja kunisaidia, na pia kunikwamisha. Katika miaka ya 1960 Erasto Mpemba, ambaye alikuwa ameona akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, kwamba mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto uliwahi kuganda kuliko uliopozwa kwanza, alihamia shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Alimuuliza mwalimu wake. Alijibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hata kusoma majedwali ya logi, darasa lilisema hizo ni hesabu za Mpemba. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kama kilivyokuwa wakati huo, akaja Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile mbele ya wenzake waliocheka. Osborne akamtaka alirudie, akamuuliza kama kweli amefanya jaribio hilo, kisha akakiri kwamba hajui sababu, ila atalijaribu akirudi Dar es Salaam. Alilijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, wakati Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, na mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo lenye jina lake, wengine wakikana hata kuwapo kwake.

Wapenzi wa mikutano huitaja hadithi hii kama ushahidi wao, na ni kweli kwamba swali la Mpemba, kwa jinsi lilivyokuwa, lisingedumu dakika kumi kwenye jukwaa la watafiti. Lingefungwa kwa maelezo kwamba halijakidhi vigezo. Lakini tusidanganyane. Mwalimu aliyelikejeli naye alikuwa ana kwa ana, na darasa lililocheka lilikuwa hatua chache kutoka kwake. Ukaribu wa miili haukumsaidia kitu kwa muda wote aliokuwa akibeba swali lile. Alichokipata siku ya mhadhara ni mtu mwenye maabara, asiyeona haya kusema sijui, na, jambo ambalo husahaulika, aliyetimiza ahadi baada ya kuondoka. Chumba kilitoa dakika mbili. Miaka iliyofuata ndiyo iliyozaa makala.

Kwa hiyo kipimo changu cha mkutano, au cha jukwaa, ni iwapo kuna mtu atakayelirudia swali lako baada ya wiki sita. Nadhani hakuna aliyelielewa hili mapema kuliko Abdus Salam. Mwaka 1951 alirudi nyumbani Pakistan, mjini Lahore, akitoka Cambridge, akiwa tayari na jina katika fizikia ya nadharia, akajikuta hana wa kuzungumza naye. Chuo kilimpa achague majukumu ya ziada, na akaishia kusimamia klabu ya mpira wa miguu. Mwaka 1954 alishindwa, akarudi Uingereza. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, na miongoni mwa mipango yake ulikuwapo ule wa kumruhusu mtafiti wa nchi maskini kubaki na ajira yake kwao huku akirudi Trieste mara kadhaa katika kipindi cha miaka kadhaa. Maana yote iko kwenye neno kurudi. Safari moja humpa mtu picha na begi. Ya pili humkutanisha na watu wanaomkumbuka. Ya tatu huanza kuwa utafiti. Katika ukanda wetu, programu ya hisabati ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2002 kwa msaada wa Sweden kupitia Uppsala na kuviunganisha vyuo vikuu kama Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, ilifuata mantiki inayokaribiana na hiyo, na si ajabu kwamba baadhi ya wanahisabati wetu wanaofanya kazi ya kudumu wamepitia shule zake.

Linganisha na warsha zetu nyingi. Siku ya kwanza ni usajili na mgeni rasmi. Siku ya pili ni mada sita za dakika ishirini, kila moja ikiwa na slaidi arobaini. Siku ya tatu ni maazimio, posho na picha ya pamoja. Sijawahi kuona ubao ukifutwa katika warsha ya aina hiyo, kwa sababu hakuna aliyeandika juu yake. Anayesema fedha hizo ni afadhali zikalipie bando ana hoja, na mimi ningekuwa mjumbe wa kamati ya bajeti ningepiga kura upande wake.

Nitoe mfano wangu, ambao si wa kujivunia. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na uthibitisho katika nadharia ya grafu, fani ya vipeo na viungo vinavyoviunganisha, ambao niliuamini kabisa. Niliutuma kwa barua pepe kwa watu watatu, nikauweka pia kwenye kundi letu sogozi, nikarudishiwa masahihisho ya alama na ya tahajia. Ulikwenda hivi: ondoa kipeo chenye viungo vingi kuliko vyote, tumia dai kwenye grafu ndogo iliyobaki, kisha kirudishe kipeo mahali pake. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza safi, kwamba ni dhahiri grafu iliyobaki ni ya aina ileile.

Wakati huo mwenzangu anayefundisha Iringa nami tulikuwa tumeshachoka kuahidiana. Makambako iko takribani katikati ya Mbeya na Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, hapo inapochepuka ile ya Njombe na Songea. Mtu akidamka na basi la alfajiri kutoka upande wowote anafika kabla ya chai ya saa nne na kurudi kwake kabla ya usiku kuwa mkubwa. Tulikutana kwenye mgahawa karibu na stendi, siku ya upepo ule wa Makambako unaopenya hata koti. Baada ya salamu za kamwene na chai ya tangawizi nilianza kumweleza. Nilipofika kwenye neno dhahiri, sauti yangu ilishuka kidogo na mwendo ukaongezeka. Akanisimamisha. "Mwalimu, mbona hapo umekimbia?" Akachukua tiketi yake ya basi, akachora nyuma yake nukta nne: Mbeya, Iringa, Njombe, na katikati Makambako, yenye viungo vitatu. Akaifuta Makambako kwa kidole gumba. "Sasa wa Njombe anafikaje Iringa?"

Dai langu lilihitaji grafu iliyobaki iwe bado imeungana, na kipeo nilichokuwa nikikiondoa ndicho hasa kinachoelekea zaidi kuvunja muungano huo. Ni kweli kwamba kila grafu iliyoungana yenye vipeo viwili au zaidi ina angalau vipeo viwili ambavyo ukikiondoa kimoja chake haikatiki, lakini hivyo huelekea kuwa vipeo vya pembeni, si kile kikubwa nilichokitegemea. Niliandika upya kwa miezi minne. Kilichobaki ni kifupi zaidi na kinadai machache zaidi, na sasa ni kweli.

Kwa nini wasomaji watatu hawakuliona? Si kwa uvivu. Kwenye maandishi, neno dhahiri ni ukuta uliopakwa rangi vizuri, na msomaji mwungwana hudhani mwenye nyumba anajua kilicho nyuma yake. Ana kwa ana, ukuta huohuo una sauti, na sauti ikitetemeka husikika. Kuna pia suala la lugha, ambalo wenzetu wa Ulaya wanaoandika juu ya ushirikiano wa mtandaoni hawana haja ya kulifikiria. Makala zetu ni za Kiingereza, na maswali tunayoyapeleka kwenye majukwaa ni ya Kiingereza, na kabla swali halijatumwa tunalisafisha mpaka lisituaibishe. Swali bichi kwa kawaida huzaliwa kwa Kiswahili, likianza na "sasa kama" au "hivi", na mara nyingi hufa katika tafsiri, kwa sababu mwenye swali bichi bado hajui anauliza nini, na huwezi kutafsiri usichokijua. Katika mgahawa wa Makambako swali la mwenzangu lilikuwa na maneno matano na halikuwa na alama hata moja ya hisabati.

Sitaki kuifanya Makambako kuwa Trieste. Sisi ni wanne sasa, wakati mwingine watatu. Mwenzetu mmoja ananyonyesha, na kwa mihula miwili ameshiriki kwa simu iliyosimamishwa mbele ya ubao, akiona nusu ya michoro na kusikia theluthi ya mabishano. Kwake mtandao ndio mkutano wenyewe, na kila sifa ninayoumwagia ubao ni yeye anayeilipia. Semina kubwa zilizohamia mtandaoni mwaka 2020 ziliendelea kutufaa hata baada ya milango kufunguliwa, ingawa semina ya saa sita mchana ya New York hutukuta saa moja au saa mbili usiku, wakati wa watoto, chakula na, kwa msimu wake, umeme kukatika. Mei 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipopata hitilafu na nchi ikabaki ikihangaika kwa siku kadhaa, tuligundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amechapisha kwenye karatasi makala tuliyokuwa tukiisoma pamoja. Tangu hapo tunachapisha.

Tulichojifunza ni kugawa kazi. Jumamosi mbili kwa mwezi kila mji husoma kivyake makala moja iliyopakuliwa, kurasa tano tu, na mmoja husimama ubaoni bila slaidi. Mambo yaliyokwama hupewa wiki moja yaive. Yale yanayoweza kuandikwa kama swali lililo wazi tunayapeleka mtandaoni, na majibu huja, mengine ndani ya saa moja, kutoka kwa watu ambao hatutawaona maishani. Yale yasiyoandikika tunayabeba hadi Makambako, mara moja kwa muhula. Gawio hilo si la haki kabisa. Mtandao hupata sifa kwa kujibu haraka maswali ambayo ubao ulihangaika nayo kwa mwezi mzima mpaka yakaulizika. Ila linakwenda, na nauli ya watu wanne kwa basi haikaribii tiketi ya ndege ya mtu mmoja kwenda Ulaya.

Kwa hiyo sasa kwenye kikao cha bajeti siombi tena nauli ya mkutano. Naomba vitu vitatu vidogo na nimepewa kimoja. Naomba ufunguo wa darasa lenye ubao siku ya Jumamosi, na huo ninao. Naomba saa za kundi la kusoma zihesabiwe kama kazi, kwa sababu fomu ya kupanda cheo ina nafasi ya makala zilizochapishwa na nafasi ya warsha zilizohudhuriwa, wala haina nafasi ya kosa lililogunduliwa kabla ya kuchapishwa. Na naomba kila mgeni wa hisabati anayeletwa kwa fedha za chuo akae wiki nzima badala ya siku mbili, na mchana mmoja wa wiki hiyo aupeleke kwenye shule ya sekondari, asimame mbele ya kidato cha tano na cha sita bila mgeni rasmi.

Hilo la tatu lilipingwa kwa hoja kwamba wanafunzi watauliza maswali yaliyo nje ya mada. Muhula uliopita mwalimu wa sekondari kutoka upande wa Njombe alitusikia kwa rafiki, akapanda basi, akaja Makambako na kishikwambi chake. Alikuwa amesoma juu ya zile mashine za Turing na hatua zake 47,176,870, na alitaka kujua jambo moja: ikiwa kompyuta ndiyo iliyokagua uthibitisho, na hakuna binadamu aliyeweza kuushika wote kichwani, nani hasa amejua? Tulianza kumjibu kwa pamoja, tukasimama kwa pamoja. Swali lake tuliliandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kundi. Tumejaribu mara mbili kuliweka kwa Kiingereza tulipeleke mtandaoni, na mara zote mbili limetoka likiwa swali jingine.